Vidonge au Sahani? Namna ya Kuamua Ukishaambiwa Una Sukari

"Daktari, mie dawa sitaki. Nitajizuia na vyakula." Kauli hii husikika sana katika kliniki za sukari, Unguja na Pemba, na mara nyingi hutoka dakika ile ile mtu anapoambiwa majibu yake. Nyuma yake mna khofu mbili: kwamba ukianza vidonge huachi tena, na kwamba vidonge vinaua figo. Upande wa pili yupo anayepokea vidonge vyake, anarudi nyumbani, na wali wake unabaki kiasi kile kile kwa sababu "dawa nshakunywa". Hawa wawili wote wameamua bila ya kuangalia namba zao. Ninachokitetea hapa ni kwamba namba ndizo ziamue, tena kwa muda uliowekwa, na jiko na vidonge vyote viwili vipimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Khofu ya figo tuimalize kwanza, maana imewaponza wengi. Kinachoharibu figo ni sukari iliyokaa juu miaka kwa miaka, ikishirikiana na presha. Metformin, ambayo ndiyo kidonge cha kwanza kwa wagonjwa wengi, hutoka mwilini kwa njia ya figo kama ilivyoingia. Figo zikichoka dawa hujikusanya ndani ya damu, ndiyo maana daktari huipunguza dawa pale kipimo cha uchujaji wa figo kinaposhuka chini ya 45 na huisimamisha kabisa kikiwa chini ya 30. Watu wanamuona jirani amekatazwa metformin baada ya figo kufeli, wanahitimisha kuwa dawa ndiyo iliyoziua. Mambo yalikwenda kinyume: figo zilianza kufa, dawa ikafuata kuzuiwa. Hiyo khofu nyengine, ya kutoacha tena, ina ukweli nusu, nayo nitaifikia.

Namba ya siku ya kwanza

Mtu huhesabiwa ana kisukari akipatikana na sukari ya 7.0 au zaidi asubuhi kabla hajala, baada ya kukaa saa nane bila ya chakula, au 11.1 au zaidi wakati wowote akiwa na dalili kama kiu, kukojoa kila mara na kukonda. Au HbA1c ya asilimia 6.5 na kuendelea. HbA1c husoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa hivyo inaeleza wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Kama huna dalili yoyote, jibu la siku moja halitoshi, kipimo kirudiwe siku nyengine. Mashine nyingi tunazotumia zinasoma kwa milimoli. Ukikutana na ile inayosoma kwa miligramu ikakwambia 180, gawa kwa 18 utapata 10.

Sasa uamuzi. Mwenye HbA1c chini ya 7.5, asiye na dalili, mwenye kitambi cha kupunguza na nia ya kweli, anaweza kujaribu chakula na mazoezi peke yake kwa miezi mitatu, na isivuke sita. Hivyo ndivyo madaktari wa kisukari wa Marekani na Ulaya walivyoandika katika muongozo wao wa pamoja wa 2012, na mimi naona ni mpaka wa haki. Aliye kati ya 7.5 na 9 aanze metformin siku hiyo hiyo na abadilishe sahani siku hiyo hiyo. Kuanza kimoja na kukisubiri chengine ni kupoteza miezi. Aliyepita 9 mara nyingi atahitaji dawa mbili. Na aliyepita 10, au anayesoma 16.7 na zaidi huku anakonda na kiu haimuishi, huenda akahitaji sindano za insulini kwa wiki au miezi michache. Sindano hizo hazimaanishi kwamba amefika mwisho. Sukari ikiwa juu mno huzilemaza zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na ikishushwa baadhi yao huamka, na wengi hurejea kwenye vidonge. Akitapika, akapumua kwa kasi na tumbo likamuuma, asingoje siku ya kliniki, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna kundi moja linalosahaulika: watu wembamba. Mtu mwembamba, hasa kijana, akiambiwa ana sukari na yeye hana mafuta ya kupunguza, asishauriwe "ujinyime tu". Huenda ni kisukari cha aina ya kwanza kilichochelewa kujitokeza, ambayo bila ya insulini inaua. Mjamzito naye ana utaratibu wake peke yake, hahusiki na makala hii.

Kwa nini muda uwekwe? Kwa sababu ugonjwa huu haukai pahala pamoja. Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ulioanza 1977 na kutoa majibu yake 1998, ulikadiria kwamba siku mtu anapogunduliwa, karibu nusu ya nguvu ya kongosho imeshapotea, na iliyobaki inaendelea kupungua. Wale walioshushiwa sukari yao mapema walionekana bado wana faida miaka kumi baada ya utafiti kwisha, hata pale ambapo tofauti ya sukari baina yao na wenzao ilikuwa imeshatoweka. Miaka miwili ya "bado najaribu chakula" na HbA1c ya 9 hairudishwi baadaye.

Na nitaje utafiti mwengine kwa sababu hutumiwa vibaya. Marekani mwaka 2002 walichapisha matokeo ya watu 3,234: waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliomeza metformin kwa asilimia 31. Maneno haya husambazwa kwenye simu kama ushahidi kwamba chakula kinaishinda dawa. Lakini watu wale walikuwa bado hawajapata kisukari, walikuwa mlangoni tu. Kama HbA1c yako iko baina ya 5.7 na 6.4, utafiti ule ni wako na uushike kwa mikono miwili. Kama umeshavuka, hesabu yako ni nyengine.

Sahani ya Kizanzibari

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo ushauri wa kliniki unapokuwa mfupi kupita kiasi: "punguza wanga". Apunguze kutoka wapi hadi wapi?

Wali uliopikwa, gramu 150, unaojaa kikombe kimoja cha chai, una wanga gramu 42 hivi. Sahani ya mchana ya mtu mzima iliyojazwa hufika gramu 400, yaani wanga zaidi ya 110, na hapo hujatia ndizi pembeni wala glasi ya juisi. Kiwango cha kuanzia ni kikombe kimoja cha wali kwa mlo. Pima kwa kikombe kweli kweli wiki mbili za mwanzo, usikisie kwa jicho, maana jicho lililozoea sahani kubwa hudanganya.

Wali wa nazi una mambo mawili ndani yake. Tui lenyewe halipandishi sukari, na mafuta yake huchelewesha wanga kuingia kwenye damu. Lakini nyama ya nazi gramu 100 ina kalori 350, na wewe unatafuta kupungua uzito. Basi nazi iende pahala pamoja: ukipika wali wa nazi, samaki awe wa chukuchuku au wa kuchoma, ukitaka mchuzi wa nazi, wali uwe mweupe. Na tui la pili linatosha kwa mboga.

Wapo wanaoamini kwamba muhogo, majimbi, shelisheli au ugali wa mtama havina sukari kwa kuwa ni vyakula vya asili. Vyote ni wanga. Tofauti ya muhogo na wali ni ndogo kuliko tofauti ya kikombe kimoja na vitatu. Kilicho bora kweli ni jamii ya kunde: mbaazi, choroko, maharage. Nazo zina wanga, lakini nyuzinyuzi zake huufanya uingie polepole, na zina protini. Chai ya asubuhi ya mbaazi na mandazi mawili, ibakishe mbaazi na uyatoe mandazi. Ukishindwa kabisa kula mbaazi bila ya kitu, chukua kipande cha boflo cha unene wa kidole, basi.

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, biringani, kachumbari ya tungule na kitunguu. Kwetu mboga huwekwa pembeni kama pambo, kijiko kimoja kwa bakuli la wali, na hili ndilo badiliko gumu kuliko yote kwa sababu linamgusa anayepika. Mgonjwa akiwa ni mzee wa kiume ambaye hajawahi kuingia jikoni, kumpa yeye karatasi ya ushauri ni kazi bure. Mkewe au binti yake aingie naye chumba cha daktari. Robo ya sahani ni kitoweo: kibua, dagaa, pweza, yai, kuku bila ya ngozi. Robo iliyobaki ni ule wanga.

Kula sinia moja ni udugu, na sipendekezi mtu aache kukaa na watu wake. Ila sinia haina mpaka, hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Njia inayofanya kazi ni kuanza na mboga na kitoweo, dakika kumi za mwanzo, halafu ndipo uuguse wali, au kuomba upakuliwe bakuli lako ukae nalo hapo hapo kwenye mkeka. Kuanza na mboga na kitoweo hupunguza kupanda kwa sukari hata chakula kikiwa ni kile kile, kwa sababu tumbo hujimwaga taratibu zaidi. Kwenye harusi na hitma njia hiyo hiyo hutumika kwa biriani: nyama na kachumbari mwanzo.

Vinywaji havina mjadala mrefu. Chai vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni gramu 48 za sukari. Soda ya chupa ya mililita 300 ina gramu 30 na kitu. Juisi ya miwa, ya embe, ya mabungo na ukwaju uliotiwa sukari ni kundi hilo hilo hata kama umekamua mwenyewe. Embe kula tunda, nusu, ukiwa umeshakula chakula. Asali pia ni sukari: kijiko kimoja cha kulia ni gramu 17 za wanga. Nasema hili kwa heshima, najua nafasi yake katika dini yetu, lakini kuwa tiba kwa jambo moja hakuifanyi isipandishe sukari ya mgonjwa wa kisukari.

Kuhusu habasoda, mdalasini, uwatu na mlonge: vitumie kama viungo. Hakuna kati ya hivyo kinachoshusha sukari kwa kiasi cha kutegemewa badala ya metformin. Unga wa "dawa ya sukari" usio na jina wala kiwango una hatari zaidi, kwani katika nchi kadhaa kumekutwa vidonge vya hospitali vilivyosagwa na kuchanganywa humo. Mtu anafurahi sukari imeshuka, kumbe anameza glibenclamide, kidonge kikali cha kushusha sukari, asiyoijua kipimo, pamoja na ile aliyopewa kliniki.

Kutembea

Dakika 150 kwa wiki, ndiyo, lakini wakati wa kutembea una uzito wake. Dakika kumi hadi kumi na tano baada ya kila mlo hushusha sukari ya baada ya kula vizuri kuliko nusu saa moja ya asubuhi, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haifanyi kazi vizuri. Baada ya chakula cha usiku, ambapo wengi hukaa barazani hadi usingizi, ndipo patupu zaidi. Vikundi vya mazoezi vinavyokimbia mitaani alfajiri, na hamasa ya kila tarehe 1 Januari, ni jambo zuri sana, ila mtu wa miaka 60 mwenye sukari ya 15 asianze kwa kukimbia. Kama una ganzi miguuni, usitembee pekupeku ufukweni wala kwenye mawe. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na vikung'ute kabla ya kuvivaa. Kila unapotia udhu una nafasi ya kuangalia nyayo zako na kukausha baina ya vidole. Sijui kliniki yoyote duniani inayoweza kumfanya mgonjwa akague miguu mara tano kwa siku.

Kupima ili ujue ni nani anafanya kazi

Vijiti vya kupimia ni ghali, basi visitumike ovyo. Kupima kila asubuhi peke yake kunaeleza upande mmoja tu. Tumia jozi: pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Sukari ikipanda kwa zaidi ya 3, mlo ule ni mzito kwako. Tuseme umeanza 7.2 ukala biriani ukafika 13.1, wiki inayofuata kula nusu yake, kitoweo mwanzo, tembea robo saa, upime tena. Jozi mbili kwa wiki na asubuhi mbili kwa wiki ni vijiti sita, vinatosha kukufundisha chakula chako mwenyewe ndani ya mwezi. Malengo ya watu wengi ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Mzee sana au mgonjwa wa moyo huwekewa malengo laini zaidi na daktari wake.

Namba hizi mbili zinaeleza habari tofauti, na hapa ndipo uamuzi wa vidonge unapojengwa. Sukari ya baada ya kula ni habari ya sahani. Sukari ya asubuhi ni habari ya ini. Usiku ini huachia sukari yake lenyewe ili ubongo usikose chakula, na kwa mwenye kisukari, hasa ini likiwa na mafuta, huachia kupita kiasi. Ndiyo maana mtu analala na njaa na anaamka na 9.8, anakata tamaa, anasema kujinyima hakuna faida. Ukiona milo yako imekaa sawa lakini asubuhi bado iko juu ya 7.2 wiki hadi wiki, usizidi kupunguza chakula cha usiku. Hapo panahitaji metformin, ambayo kazi yake kubwa ni kulituliza ini, au uzito mwingi upungue hadi mafuta ya ini yaondoke. Na kinyume chake: asubuhi nzuri na jioni 14, tatizo liko mezani, kuongeza kidonge kutalificha tu.

Mambo yanayoharibu kipimo ni ya kawaida sana. Mkono ulioshika embe au mandazi ukitobolewa bila ya kuoshwa husoma juu kwa pointi kadhaa. Osha kwa sabuni, kausha vizuri, toboa ubavuni mwa kidole pasipouma. Kikopo cha vijiti kikiachwa wazi katika unyevunyevu wetu wa pwani, vijiti huharibika kabla ya tarehe yake. Kifunge saa ile ile, usivihamishie vijiti kwenye mfuko wa plastiki, usiviweke kwenye friji.

HbA1c nayo ina udhaifu ambao kwetu una maana. Mwenye kubeba selimundu (chembe za damu zenye umbo la mundu), hata kama kairithi kwa mzazi mmoja tu na haumwi kitu, anaweza kusoma chini kidogo kuliko ukweli. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, vivyo hivyo, kwa sababu chembe zake nyekundu zinaishi muda mfupi na hazipati muda wa kushika sukari. Upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma husukuma upande wa juu. Kama HbA1c inasema 6.4 na kidole kinasema 11 siku baada ya siku, amini kidole na umwambie daktari.

Vidonge vyenyewe

Metformin huanza na kidonge kimoja cha miligramu 500 pamoja na chakula cha usiku, wiki nzima. Wiki ya pili ongeza kimoja na chai ya asubuhi. Kisha hupandishwa polepole, kwa agizo la daktari, hadi miligramu 2,000 kwa siku kwa wanaohitaji. Wanaosema "ile dawa iliniendesha tumbo nikaiacha" mara nyingi walianza na vingi kwa mara moja, au walimeza tumbo tupu. Ukimeza katikati ya chakula na ukapanda taratibu, tumbo huzoea ndani ya wiki mbili tatu, na asiyezoea aulize ile inayoyeyuka polepole. Ikiwa peke yake haishushi sukari kupita kiasi. Baada ya miaka kadhaa inaweza kupunguza vitamini B12, kwa hivyo ganzi mpya ya miguu isisingiziwe sukari moja kwa moja, pima. Na ukiharisha na kutapika, isimamishe mpaka ule na unywe vizuri. Insulini haisimamishwi hivyo, na hili watu hulichanganya.

Glibenclamide ni rahisi na ina nguvu, lakini inalikamua kongosho litoe insulini iwe umekula au hukula. Shirika la Afya Duniani halishauri itumiwe na waliopita miaka 60. Kwao gliclazide, kidonge cha jamii hiyo hiyo, ni salama zaidi. Bibi aliyekunywa glibenclamide asubuhi, akachelewa kula mchana, akaanza kutoka jasho, kutetemeka na kuropoka, wa nyumbani wanaweza kukimbilia kumsomea wakidhani ni pepo. Pima kidole kwanza. Ikiwa chini ya 3.9 na anameza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado, halafu ale chakula. Kama hajitambui usimtie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali. Anayetumia dawa hii ndiye anayetakiwa kuwa mwangalifu zaidi anapopunguza chakula: kubadilisha sahani kwa kishindo bila ya kupunguza glibenclamide au insulini kunaweza kumwangusha siku ya tatu.

Kuna dawa mpya zaidi, kama empagliflozin na dapagliflozin, zinazotoa sukari kwa mkojo na zinazolinda moyo na figo. Bei yake bado inawashinda wengi, lakini mwenye moyo uliochoka au figo zilizoanza kuvuja protini aulize kwa jina. Na mjadala wa vidonge usiishie kwenye sukari tu. Wagonjwa wengi wa kisukari hufa kwa moyo na kiharusi, kwa hivyo dawa ya presha, na dawa ya kushusha mafuta ya damu kwa waliofika miaka 40, huokoa maisha hata kwa yule ambaye sukari yake imekubali chakula.

Mwezi wa Ramadhani

Mazungumzo na daktari yafanyike wiki sita hadi nane kabla, yaani Rajabu, usingoje mwezi uandame. Anayechoma insulini mara nyingi kwa siku, aliyewahi kuanguka kwa sukari kushuka miezi ya karibuni, mwenye figo zilizochoka sana, hawa wanashauriwa wasifunge. Wa metformin peke yake wengi wanafunga salama: kipimo kikubwa futari, kidogo daku. Wa glibenclamide ahamishiwe gliclazide, na kipimo kikubwa kiende futari. Kutoboa kidole hakufunguzi. Pima adhuhuri na saa mbili kabla ya magharibi. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7, fungua hapo hapo hata kama zimebaki dakika chache.

Tatizo jengine la Ramadhani kwetu ni futari yenyewe. Muhogo wa nazi, majimbi, viazi vikuu, tambi, uji, kaimati, vipopoo, vyote mkekani mara moja, halafu daku wali. Mwenye sukari achague wanga mmoja tu kwa futari moja: leo muhogo vipande viwili, kesho uji bakuli dogo usio na sukari. Tende tatu ndogo zina wanga wa gramu 15 hadi 20, zinatosha kwa sunna, na baada yake supu ya samaki, kisha sala, kisha chakula. Tarawehe nayo ni mazoezi. Jihesabie, na uwe na sukari mfukoni kama unatumia dawa inayoweza kushusha sukari kupita kiasi.

Kupunguza dawa, na kuacha

Tunarudi kwenye ile khofu ya kutoacha tena. Mwaka 2017 Uskoti na kaskazini ya Uingereza walichapisha matokeo ya utafiti wa DiRECT, watu 306 waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita na hawachomi insulini. Nusu yao walilishwa vinywaji maalum vya kalori 825 hadi 853 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, huku dawa zao zikisimamishwa na daktari. Mwaka mmoja tangu waanze, asilimia 46 ya nusu hiyo walikuwa na sukari isiyofika kiwango cha kisukari bila ya dawa; kwa waliopungua kilo 15 na zaidi ilikuwa asilimia 86. Miaka miwili, asilimia 36. Inawezekana, basi, na njia yake ni mafuta kutoka kwenye ini na kongosho. Lakini ni kilo 15, si mbili, na kalori hizo hazijaribiwi nyumbani bila ya usimamizi. Mwenye kilo 90 anaweza kuzifikia kwa mwaka mmoja na nusu kwa sahani niliyoieleza, akiwa na msaada wa nyumba nzima. Kipimo chake cha nyumbani ni uzi: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Wa sentimita 168 atafute 84.

Kosa kubwa ni kuona 6.1 ukiwa unameza vidonge na kusema "nimepona", ukaacha siku hiyo hiyo. Ile 6.1 ni kazi yako na ya kidonge kwa pamoja, na hujui nani kachangia ngapi. Utaratibu ninaouona wa salama ni huu: HbA1c iwe chini ya 6.5 mara mbili mfululizo, miezi mitatu baina yake. Kisha daktari aanze kutoa zile zinazoweza kukuangusha, insulini na glibenclamide. Metformin ibaki ya mwisho. Ipunguzwe nusu, ikae miezi mitatu, ipimwe. Ikiwa bado chini ya 6.5, iachwe, na baada ya miezi mitatu mengine upime tena. Hapo ndipo inaitwa sukari imelala. Dawa ya presha nayo ikaguliwe, kwani uzito ukishuka presha hushuka, na watu huanza kuona kizunguzungu wakinyanyuka kutoka sijda.

Baada ya hapo HbA1c kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, kisha kila miezi sita. Macho, mkojo kwa protini na miguu kila mwaka bila ya kukosa, hata sukari ikiwa 5.5, maana athari za miaka ya nyuma huendelea kimya kimya. Na HbA1c ikirudi 6.5, umuone daktari wiki hiyo hiyo na urejee kwenye kidonge, huku unaitafuta kilo iliyorudi.